Matunda ya Shamba la Chini

Saa ya chai ya asubuhi, Phelis Chepkemboi alipasua tunda damu katikati kwa kisu cha kazi, akalinyunyizia sukari, akampa mkuu wa kituo sahani na kijiko. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, mvua ndefu zimekwisha, na ukungu ulikuwa haujainuka juu ya mashamba ya chai ya upande wa Kabianga. Wafanyakazi wa kituo cha utafiti wa matunda walikaa kwenye benchi nje ya stoo, kila mtu na kikombe chake. Mkuu wa kituo, Bwana Kipruto, alikuwa mtu wa kula polepole. Alichota nyama ya tunda mpaka ganda likabaki tupu, akajifuta mdomo kwa leso, akasema kwa Kijaluo safi kwamba ng'ombe ameingia tena kwenye mahindi, mtu akamtoe.

Kisha akasema kwa Kiswahili, "Ni tamu. Ule uchachu umepungua sana."

Bwana Kipruto alikuwa Mkipsigis wa Bomet, na Kijaluo chake kilikuwa hakijawahi kupita salamu. Quinter, msaidizi wa maabara, aliyezaliwa katika lugha hiyo, aliweka kikombe chini.

"Amesema ng'ombe iko kwa mahindi," alisema.

"Ng'ombe gani?" Phelis aliuliza.

"Hajasema. Amesema tu mtu aende aitoe."

Phelis alipasua tunda jingine, akampa Quinter. Quinter alikula, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mzee kuliko yeye, imekauka kidogo kooni. Sauti hiyo iliuliza ni nani ameacha mlango wazi na baridi yote hii. Baada ya hapo Quinter alirudi kwenye sauti yake, akasema tunda lina harufu nzuri, ila ganda ni gumu.

Waliendelea kuonja hadi kengele ya kurudi kazini ilipogongwa. Mlinzi wa lango alisema kwa Kijaluo kwamba unga umekwisha. Karani aliomba kwa lugha hiyohiyo baraka juu ya chakula, akasema amina. Matunda ya miti iliyougua yalionjwa pia, na walioyala hawakusema lolote ila kwamba ni machungu.

Phelis alikuwa mzalishaji wa mbegu, na alichokuwa akikitafuta kituoni pale ni mti wa matunda damu usioshikwa na ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa virusi. Uliletwa na vidukari, wadudu wadogo wanaokaa chini ya jani, na ukiingia shambani majani yalipata madoa ya manjano, yakajikunja, matunda yakatoka na mabaka na ukakasi usiomezeka. Miaka hiyo ulikuwa umepita kila boma kuanzia Londiani hadi Ndanai. Akina mama waliokuwa wakipanga matunda damu kwenye ndoo kando ya barabara ya lami walikuwa sasa wanapanga viazi, au hawapangi kitu. Dawa ya virusi haikuwepo. Lililobaki lilikuwa kupata mti mmoja unaokataa kuugua na kuupandisha na ile aina ya matunda makubwa ambayo soko linaipenda.

Mti huo Phelis aliupata kwao. Baba yake, Mzee Gibson arap Tonui, alikuwa na shamba upande wa Londiani, karibu na msitu. Shamba la juu ndilo alilorithi. La chini, lililoteremka hadi mtoni, watu waliliita shamba la chini tu, na kwa miaka michache iliyopita lilikuwa limejaa viazi. Katikati ya viazi palikuwa na msingi wa nyumba, mawe meusi ya moshi, na kando ya mawe mti wa matunda damu uliosimama mzima, majani mapana, wakati miti yote ya majirani imekwisha kukauka. Phelis alichukua chavua yake kwa brashi laini, akaitia kwenye chupa, akaenda nayo Kabianga. Hakuuliza mti ni wa nani. Alijua.

Ulikuwa wa Obiero. Obiero alikuwa fundi wa boila katika kiwanda cha chai alikofanya kazi pamoja na Mzee Gibson tangu wote wawili ni vijana, na miaka michache baadaye alinunua shamba la chini kutoka kwa Gibson mwenyewe, akajenga, akakaa na mke wake Ayoo na watoto wao. Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa vurugu za kikabila, waliondoka. Ndivyo ilivyosemwa: waliondoka. Phelis alikuwa chuoni wakati huo. Aliporudi nyumbani Desemba alikuta viazi vimeota, na hakuna aliyelitaja jina la Obiero mezani.

Miche iliyotokana na chavua ile aliipaka utomvu wa majani magonjwa uliosagwa na maji na unga wa mchanga laini, akaisugua kwa kidole hadi jani likakwaruzika, ili kila mche uupate ugonjwa kwa lazima. Mingi iliugua. Iliyokataa ndiyo aliyoilea, na ndiyo iliyozaa matunda yaliyoonjwa asubuhi ile.

Hakushangaa sana kwamba matunda yalisema. Alikuwa amesomea urithi wa mimea, na katika kazi hiyo mtu huzoea kuona sifa mbili zisizohusiana zikifuatana kutoka mzazi hadi mtoto, rangi ya ua na urefu wa kikonyo, miiba na ladha. Lililomshughulisha lilikuwa jinsi msimu ulivyokuwa ukienda. Matunda ya mwanzo yalisema mambo ya kila siku: fungeni kuku, leta kuni, mtoto huyu anakohoa. Yaliyoiva baadaye yalisema kuhusu redio, na kuhusu watu waliopita njiani bila kusalimu. Katika mwezi wa mwisho wa mavuno, mpika chai wa kituo alikula tunda akasema watoto wavae viatu walale navyo.

Tunda la mwisho kuiva Phelis alilila mwenyewe, maabara, mchana, Quinter akiosha chupa. Alihisi mdomo wake ukifanya kazi usiyoijua. Alipomaliza, Quinter alikuwa amefunga bomba na hageuki.

"Nimesema nini?"

"Ni maneno tu, madam."

"Quinter, niambie."

Quinter alijikausha mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja. "Umesema, 'Gibson, hata wewe uko nao? Weka hiyo debe chini, ingia ndani unywe chai kwanza.'"

Nje, mtu alikuwa akifyeka nyasi.

"Gibson ni jina la watu wengi," Quinter alisema.

"Ndiyo," Phelis alisema. "Ni wengi."

Jumamosi hiyo alibeba matunda machache kwenye kiondo akaenda kwao. Mama yake alikuwa sokoni. Baba yake alikuwa sebuleni, amevaa koti la kanisani kwa sababu alikuwa ametoka kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na alifurahi kumwona. Phelis alimpasulia tunda. Mzee alilitazama kabla ya kulila, na alipolila alilila lote, mbegu na nyama, kama mtu anayekunywa dawa aliyoandikiwa. Kisha akasema kwa Kijaluo, kwa ile sauti ya mwanamke iliyokauka kooni, maneno machache mafupi.

Miaka ya kiwandani ilikuwa imemfundisha Kijaluo cha kutosha. Alitafsiri mwenyewe bila kuombwa.

"Ni Ayoo," alisema. "Alikuwa anasema charahani ni ya mama yake, wamwachie hiyo tu."

"Walimwachia?"

"Hapana. Kuna mtu alibeba. Inashona mpaka leo."

Phelis alikunja mikono juu ya magoti. "Baba, ile shamba ya chini ni ya Obiero."

"Najua ni yake. Si nilimwuzia mimi? Tulikunywa maziwa ya mursik kwa kibuyu kimoja, tukatembea mpaka wote kwa miguu, wazee wakiona."

"Sasa?"

"Sasa nini, Phelis? Ndugu yako amejenga pale. Viazi iko chini ya udongo. Nikisimama leo niseme nimerudisha, wale nilienda nao watanionaje? Na wao pia wako na mashamba." Alisukuma sahani kando. "Mimi sikubeba kitu cha mtu. Hata ukiuliza watu watakuambia. Mimi nilibeba debe ya mafuta peke yake."

Alisema hivyo kwa utulivu, kama anavyosema bei ya maziwa imepanda. Kisha akaomba tunda jingine, kwa kuwa yalikuwa matamu kweli. Phelis alimpa, na alipokuwa akimpasulia aliona mikono ya mzee ni ileile ya baba aliyemjua siku zote, hakuna kilichobadilika, na hilo ndilo lililomkalia kifuani njia yote ya kurudi.

Kwa misimu iliyofuata alifanya kazi ambayo hakumweleza mtu sababu yake. Alichukua miti iliyokataa ugonjwa akaipandisha tena na ile aina ya matunda makubwa, akachagua, akapandisha tena, akitafuta mti mmoja tu ambao ni mzima na umenyamaza. Alikuwa wa kwanza kuingia kitaluni na wa mwisho kutoka. Alifunika kila ua kwa karatasi ya kaki, akaupaka kila mche ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Matunda yalizidi kuwa makubwa, ganda likalainika, rangi ikawa nyekundu iliyokolea. Lakini kila mche uliokataa ugonjwa ulisema, na kila ulionyamaza uliugua. Hata mmoja haukuvunja mfuatano huo. Quinter aliendelea kuonja na kutafsiri, na alipofika kwenye maneno ya siku ile ya mwisho aliyaruka, na Phelis alijua anayaruka.

Alipompelekea mkuu wa kituo taarifa, Bwana Kipruto alisikiliza huku akigeuza geuza tunda mkononi.

"Mkulima anataka nini?" aliuliza.

"Mti usiougua."

"Huu unaugua?"

"Hapana."

"Basi tugawe. Hakuna mkulima amewahi kuniuliza kama matunda yanaongea. Wataonja, watazoea." Akaongeza, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, "Na hayo maneno, kila mtu huku anayajua tayari. Si habari mpya."

Kabla ya siku ya kugawa, Phelis alimwomba Quinter amsaidie kumtafuta Obiero. Haikuwa kazi ngumu. Quinter aliuliza kanisani kwao, na Jumapili iliyofuata jibu lilikuwa limefika: Obiero alikuwa Ahero, kwenye mpunga, akitengeneza pampu za maji. Walienda wote wawili. Walimkuta amechuchumaa nje ya nyumba ya kupanga ya mabati, pampu imefunguliwa mbele yake, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Ayoo alitoa viti. Phelis aliposema yeye ni binti ya nani, Ayoo alisimama kidogo na kiti mkononi, kisha akakiweka chini palepale alipotaka kukiweka.

"Karibu, nyathina," alisema, kama anavyomwita mtoto wake. "Wewe ndiye ulikuwa unasoma."

"Ndiyo, mama."

Phelis alieleza habari za mti. Obiero alisikiliza kwa makini ya mtu wa mashine.

"Ule mti hatukupanda," alisema. "Ulijiotea. Huyu alikuwa anakaa dirishani akila, anatema mbegu nje. Kila siku namwambia atume mtoto atupe mbali."

"Sasa unaona," Ayoo alisema.

Phelis aliwapasulia matunda. Ayoo alisema hana hamu. Obiero alikula, na Quinter aliinamisha kichwa tayari kusikia lugha yake. Lakini Obiero alisema kwa Kikipsigis, na sauti ilikuwa nzito, ya mwanamume wa makamo, yenye mkwaruzo ambao Phelis alikuwa akiusikia ukiongoza sala tangu utoto. Safari hii Quinter ndiye aliyemtazama Phelis amweleze.

"Amesema," Phelis alisema, na ilimbidi aanze upya. "Amesema, 'Chai tutakunywa siku nyingine.'"

Obiero alikuwa ameelewa. Naye pia kiwanda kilikuwa kimemfundisha. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Hiyo siku sikusikia," alisema. "Kulikuwa na kelele nyingi."

"Kumbe alijibu," Ayoo alisema.

"Alijibu."

Miaka yote hiyo Ayoo alikuwa akisema kwamba Gibson hakumjibu mumewe hata neno, na kwamba hilo ndilo lililomwuma kuliko nyumba. Sasa alikaa akilifikiria jibu lile. Hakusema kama lilikuwa bora kuliko kimya.

"Baba anasema anajua shamba ni lako," Phelis alisema.

"Ni vizuri. Nilikuwa nafikiri amesahau." Obiero alichukua bisibisi, akaigeuza. "Amepanda nini?"

"Viazi."

"Inafanya vizuri?"

"Inafanya vizuri sana, mzee."

"Ule udongo ni mzuri. Upande wa mto usiweke mbolea nyingi." Kisha akauliza siku ya kugawa miche ni lini, na kama mtu yeyote anaweza kuja. Phelis alisema mtu yeyote anaweza kuja.

Alikuja. Siku ya kugawa, mwaka wa elfu mbili na mbili, uwanja wa shule karibu na Londiani ulijaa watu, turubai limefungwa upande wa wageni, miche imepangwa kwenye vifuko vya nailoni chini ya mikaratusi. Obiero alikaa kwenye benchi la nyuma, amevaa tai. Mzee Gibson alikaa mbele na wazee wenzake wa kanisa. Wengi waliokuwa pale mwaka wa tisini na mbili walikuwa pale tena, kwa kuwa ndio majirani na ndio wakulima.

Chifu alifungua kwa sala. Bwana Kipruto alieleza ugonjwa wa virusi, vidukari, na jinsi mti mpya unavyoukataa. Kisha afisa wa wilaya aliombwa aonje tunda kwa niaba ya watu wote. Alikula mbele ya kipaza sauti. Afisa huyo alikuwa ametoka mbali, hakujua Kikipsigis hata kidogo, na kipaza sauti kilipokea kutoka kinywani mwake Kikipsigis cha Londiani, katika sauti ya Gibson arap Tonui akiwa kijana.

"Kuanzia leo," ilisema sauti, "kutoka kwa ule mti wa miiba mpaka mtoni ni yako, wewe na watoto wako na watoto wao. Nimesema mbele ya hawa. Mtu asikusumbue."

Kila mtu uwanjani alielewa, na kila mtu alimjua mwenye sauti. Wazee wawili kwenye benchi la mbele walikuwa miongoni mwa wale "hawa". Walitikisa vichwa taratibu, kukubali kwamba ndivyo ilivyosemwa. Mzee Gibson pia alitikisa kichwa. Phelis, aliyesimama kando ya miche, alimtazama baba yake, akangoja. Alingoja kwa mwili wote, kama anavyongoja ua alilolifunika lionyeshe kama limeshika. Palikuwa na nafasi ya mtu kusimama. Upepo ulipita, turubai likatikisika, na nafasi ikaisha.

"Tumesikia," chifu alisema kwenye kipaza sauti. "Asante, bwana afisa. Ni tamu?"

"Tamu sana," afisa alisema.

Watu wakapiga makofi. Obiero naye alipiga, kwa adabu, kwa sababu kila mtu alikuwa akipiga. Kisha chifu akatangaza mambo ya dipu ya ng'ombe, na baada ya hapo watu wakaambiwa wapange foleni.

Phelis na Quinter ndio waliogawa. Obiero alipofika mbele, Phelis alimchagulia miche mizuri kuliko yote, yenye shina nene.

"Huko kwetu Ahero itazaa?" Obiero aliuliza.

Phelis alitaka kumdanganya. Lakini kazi yake ilikuwa mimea. "Hapana, mzee. Kuna joto sana. Itakuwa na afya, haitaugua, majani itatoa. Matunda, hapana. Hii inataka baridi ya huku."

"Sawa," Obiero alisema. "Nipe tu."

Mzee Gibson alikuwa amechukua yake na alikuwa akingoja kando ya lango. Yeye na Obiero walisalimiana kwa mikono, "chamgei" kwa "chamgei", wakaulizana habari za watoto. Gibson aliona vifuko vya Obiero vinataka kuchanika, akafungua kamba iliyokuwa imefunga vyake, akavifunga vya Obiero vizuri, fundo la kiwandani, lile ambalo Obiero mwenyewe alikuwa amemfundisha. Obiero alimshukuru. Akateremka na miche yake hadi stendi kungoja gari la kushuka ziwani.

Mzee Gibson alipanda na yake hadi nyumbani, akabadilisha koti, akachukua jembe. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya msitu, na mche hupenda kutiwa ardhini mvua ikiwa karibu. Aliipanda yote alasiri ileile, shamba la chini, kuanzia kwenye mti wa miiba hadi mtoni.